Sato wa vizimba: homoni haibadilishi jeni, huiwasha

Mkuu, umeuliza kama sato wa vizimba huku Mwanza "wamechezewa jeni" kwa kuwa vifaranga hulishwa homoni. Nimefanya kazi kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga upande wa Ilemela. Jibu ni hapana, jeni zenyewe haziguswi.

Vifaranga wakianza tu kula hupewa chakula chenye methiltestosteroni, yaani homoni ya kiume iliyotengenezwa maabara, kwa kawaida miligramu 60 kwa kilo, kwa wiki 3 hadi 4. Umri huo tezi ya uzazi bado haijawa korodani wala ovari. Homoni hii huyeyuka kwenye mafuta, hivyo hupenya yenyewe utando wa seli. Ndani kuna protini iitwayo kipokezi, imeshikiliwa na protini nyingine. Homoni ikinasa hapo, kipokezi hubadilika umbo, hujinasua, huingia kwenye kiini cha seli na kushika DNA, uzi unaobeba jeni, mahali maalumu; vipokezi hushika viwili viwili. Kisha huita protini zinazolegeza DNA ili jeni iliyo karibu isomwe, nakala yake iitwayo RNA itoke na protini mpya itengenezwe. Jeni za kujenga korodani zinawaka. Ile ya aromatasi, kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni (homoni ya kike) ya ovari, inafifia. Seli isiyo na kipokezi hicho haisikii kitu.



Ushahidi ninaoupenda ni huu. Kwa sato, kromosomu XX ni jike na XY ni dume. Chukua kifaranga wa XX, yaani jike kwa kuzaliwa, aliyegeuzwa dume kwa homoni. Mpandishe na jike wa kawaida. Watoto karibu wote watakuwa majike, kwa sababu baba yao hana Y ya kuwapa. Mwili umegeuka dume, urithi umebaki vilevile.

Tunataka madume kwa sababu hukua haraka. Jike hutamia mayai mdomoni na siku hizo karibu hali chakula kabisa.

Kwa mlaji, dozi huisha kifaranga akiwa chini ya gramu moja, miezi mingi kabla ya kufika sokoni, na homoni huwa imeshatoka mwilini. Wanaonitia wasiwasi ni vijana wanaochanganya unga wa homoni na spiriti kwa mikono mitupu. Kipokezi cha binadamu nacho huitambua homoni hiyo. Vaeni glavu na barakoa, mjamzito asiuguse kabisa, na maji ya matangi ya dozi msiyamwage moja kwa moja ziwani.