Kukaza uso na afya ya ngozi kwa miaka ijayo

Dada, umeuliza kama upasuaji wa kukaza uso utaichakaza ngozi ya mama yako baadaye. Hauichakazi, lakini pia hauiponyi: daktari huiinua ngozi, huvuta tabaka la nyuzi na misuli lililo chini yake, kisha hukata ziada na kushona kuzunguka sikio, huku madoa na ukavu ulioletwa na jua vikibaki vilevile.

Ninachokihofia zaidi ni kovu. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, mshono unaweza kuota keloidi, yaani kovu nene linalovuka mipaka ya jeraha; tafadhali mwangalie masikio mahali alipotobolewa, na ukikuta uvimbe mgumu kama punje ya hindi, daktari aelezwe mapema. Kama anavuta sigara, aache wiki kadhaa kabla, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu ambayo ngozi iliyoinuliwa huitegemea, na kipande cha nyuma ya sikio kinaweza kufa. Ganzi ya mashavu kwa kawaida hupungua baada ya wiki au miezi. Mshono ukishafunga, aukinge na jua, na asipake kabisa krimu za kujichubua zenye steroidi, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba.