Papa wa bahari, Papa wa Roma, papa wa shambani: maswali na majibu

Papa samaki na Papa wa Roma wana asili moja?

Hapana, wala hakuna undugu wa mbali. Papa wa Roma ametokana na Kigiriki *pappas*, neno ambalo mtoto alimwitia baba yake. Kilatini kililichukua likawa *papa*, na kwa karne nyingi maaskofu wengi tu waliitwa hivyo. Katika karne ya 11, enzi za Gregori VII (1073–1085), ndipo Kanisa la Magharibi lilipoliweka kwa askofu wa Roma peke yake. Mkuu wa Kanisa la Kikoptiki la Misri naye huitwa Papa hadi leo.

Tabu yetu ni kwamba wote wawili wako ngeli ya A-WA, kwa hiyo sarufi haituokoi. "Papa ameonekana pwani" ni nani huyo? Herufi kubwa ndiyo ingetofautisha, ila mwanzo wa sentensi kila neno hupewa herufi kubwa, na hapo hata programu ya tafsiri inaweza kumgeuza Baba Mtakatifu kuwa samaki. Mtajo wa kwanza uwe kamili: "Papa Fransisko" au "Baba Mtakatifu" upande mmoja, "samaki aina ya papa" au "papa upanga" upande wa pili. Baada ya hapo "papa" tupu inatosha.

Najifunza Kihispania. Kamusi inaniambia *papa* ni Papa, menyu inaniuzia viazi. Nishike lipi?

Yote, na ongeza la tatu. *El Papa* ni wa Roma, *la papa* ni kiazi, *el papá* ni baba. Kiazi kimetoka Kikechua, lugha ya milima ya Andes, huko huko zao lenyewe lilikoanza kulimwa. Wahispania walilikuta karne ya 16. *Batata*, yaani kiazi kitamu, walikuwa wameshaipata kwa Wataino wa Karibea. Maneno hayo mawili yakachanganyikana, ikazaliwa *patata*, ambayo ndiyo hutumika sehemu kubwa ya Hispania. Amerika ya Kilatini na Visiwa vya Kanari wamebaki na *papa*.

Anayezungumza Kiswahili ana mtego wake hapa. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri, kwa hiyo tukitaka kusema "baba yangu" hutoka *mi PApa*, yaani kiazi changu. Sema *mi paPÁ*, mkazo uwe mwishoni. Kwenye simu, bonyeza herufi *a* bila kuachia mpaka *á* ijitokeze. Wingi nao uangalie: *las papas* ni viazi, *los papás* ni wazazi. Kiitaliano kina mtego huo huo, *papa* na *papà*, ila alama yao inaelekea upande mwingine.

Nimesikia Wabrazili wakimwita baba "papai". Wanamfananisha na tunda?

La. *Papai* yao ni neno la kitoto la baba, na mkazo uko mwishoni: pa-PAI. Tunda lenyewe wao huliita *mamão*. Papai letu limetoka kwenye lugha za wenyeji wa Karibea, likasambazwa na Wahispania na Wareno. Ukifika Cuba, sema *fruta bomba*; *papaya* huko ni tusi.

Lugha nyingi mno humwita baba "papa" au "baba". Si ushahidi kwamba zote zilitoka lugha moja?

Maneno ya kitoto ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote. Mwaka 1959 mwanaanthropolojia George Peter Murdock alikusanya maneno 1,072 ya mama na baba kutoka lugha za dunia, na mwanaisimu Roman Jakobson akaeleza kwa nini yanafanana: *p*, *b* na *m* hutamkwa kwa midomo, ni rahisi, na mtoto huanza nazo kabla hajakusudia maana yoyote. Mzazi ndiye anayesikia na kudhani ameitwa. Nani achukue sauti ipi, kila lugha imejiamulia: kwa Kijojia, lugha ya nchi ya Georgia, *mama* ni baba, na *deda* ni mama. Kijapani kinachekesha zaidi. *Haha* ni mama, lakini *h* yake ilikuwa *p* zamani, kwa hiyo wanaisimu hulirudisha neno hilo hadi *papa*. *Papa* wanayomwitia baba leo wameikopa Magharibi.

Nitajuaje kama maneno mawili yanayofanana ni ndugu?

Usilinganishe sura za leo. Tafuta umbo kongwe la kila neno, ondoa viambishi, kisha uone kama ulinganifu wa sauti unajirudia katika maneno mengine mengi. Mwisho chunguza mkopo: nani alikutana na nani, lini, kwa njia ipi. Ufupi wa neno pia huongeza bahati nasibu, na *papa* ni silabi moja tu iliyorudiwa.

Mfano mzuri ni Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland, Australia, ambayo sasa imetoweka: mbwa aliitwa *dog*, sawasawa na Kiingereza. Mtu angesema ni mkopo. Lakini lugha jirani ya Kiyidiny ina *gudaga*. Kimbabaram kilipoteza silabi ya mwanzo na irabu ya mwisho, na irabu iliyobaki ikabadilika. *Dog* ya Kiingereza zamani ilikuwa *docga*. Zimekutana njiani tu.

"Papa hapa" nayo?

Ni *hapa* iliyotiwa mkazo kwa kurudia *pa*, kama "mumu humu" na "kuku huku". Kuku huyo hatagi.

Na "Papa" ya marubani kwenye redio?

Ni herufi P katika alfabeti ya mawasiliano inayotumika tangu 1956. Itamke pa-PA, mkazo mwishoni.