Stata Inazungusha, Lori Haliwaki

SWALI: Mafundi wetu, habari za kazi. Nina Fuso ya zamani, injini 6D16, nasomba mahindi ya vijijini Kongwa kuleta soko la Kibaigwa. Nilibadilisha filta ya dizeli, nikaipaki siku tatu kusubiri mzigo. Sasa napiga stata inazungusha vizuri kabisa ila injini haishiki. Fundi mmoja anasema pampu ishushwe ipelekwe Dodoma mjini, mwingine anasema ni nozeli. Nianze na lipi?
*Dereva, Kibaigwa*

JIBU: Ndugu yetu, usianze na lolote kati ya hayo, si pampu inayosukuma dizeli kwa nguvu wala nozeli zinazoinyunyizia kwenye silinda. Pampu ya 6D16 haifi ghafla gari likiwa limepaki. Inachoka taratibu: nguvu zinapungua mlimani, kuwaka kunakuwa kwa shida kila wiki zaidi ya iliyopita. Lori lililozimwa zima na kuamka limegoma, tena mara tu baada ya kubadilishwa filta, kwa kawaida limeingiza upepo kwenye dizeli. Kuushusha upepo huo ni kazi ya spana mbili au tatu. Kushusha pampu bila sababu ni gharama, na ikirudishwa ikiwa imepishana jino moja la gia, utakuwa na ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mwambie utingo apige stata sekunde 10, wewe simama nyuma uangalie bomba la eksozi. Lisipotoa moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda. Likitoa moshi mweupe au wa kijivu wenye harufu ya dizeli mbichi, dizeli inafika ila haiungui, na hapo kutoa upepo peke yake hakutakusaidia. Stata isizidi sekunde 15 kwa mkupuo mmoja, kisha ipumzike dakika moja, la sivyo utaiunguza na betri utazimaliza.

Kama hakuna moshi, kabla ya kushika spana tazama mkono wa kuzimia ulioko kwenye pampu. Unavutwa na kebo au na mota ndogo ya umeme, na kwa vumbi la huku kebo hukauka ikaganda upande wa kuzima. Usukume kwa kidole urudi upande wa kuwaka, kisha ujaribu stata. Kama ni wa mota, fungua swichi uone kama unasogea. Usiposogea, anza na fyuzi.

Baada ya hapo, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, kitundu chake cha kupumulia kimezibwa na vumbi. Hakikisha pia tanki lina angalau robo, maana bomba la kuvutia likiwa na ufa katikati, gari hukubali tanki likijaa na kukataa likishuka.

Sasa toa upepo. Mwaga kwanza maji ya kwenye kikombe cha chini ya filta, uyakinge kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani. Maji hukaa chini ya dizeli, utaona mstari. Fungua kichwa cha pampu ya mkono iliyo kwenye fidi pampu (ile pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tankini), legeza skrubu ya upepo iliyo juu ya filta, upampu mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke safi. Kaza skrubu huku bado unapampu. Rudia kwenye skrubu ya upepo ya pampu kubwa. Mwisho legeza nusu mzunguko nati za mabomba ya nozeli mbili au tatu, upande wa nozeli, upige stata mpaka dizeli iruke, kisha uzikaze. Nati nyingi za hapo ni namba 17. Usiweke mkono mbele ya dizeli inayoruka, kwani msukumo huo hupenya ngozi. Pampu ya mkono ukimaliza uifunge kabisa, ikibaki wazi nayo inavuta upepo.

Zingatia mkono unavyohisi wakati wa kupampu. Baada ya skrubu kufungwa, pampu ya mkono inatakiwa iwe ngumu. Ikibaki laini muda wote, kuna mambo matatu: uchafu umekaa chini ya vali ndogo za fidi pampu, vali ya kurudishia dizeli kwenye tanki imekwama wazi, au upande wa kuvuta kuna tundu. Tundu la upande wa kuvuta ndilo linalosumbua watu, kwa sababu halivuji nje. Ni kama mrija wa soda wenye ufa: hauoni tone, lakini unavuta hewa tupu, na gari likilala dizeli inarudi tankini.

Kwako wewe, mtuhumiwa wa kwanza ni ile filta mpya. Ifungue uangalie kama raba ya zamani haikubaki imegandia juu, ya pili ikakaa juu yake. Badilisha na washa za shaba za bolti ulizofungua, kwani ikishabanwa mara moja haizibi vizuri tena. Halafu kuna kijichujio cha wavu pale dizeli inapoingilia fidi pampu. Filta inabadilishwa mara kumi, hicho hakuna anayekigusa, na kikiziba dizeli haipandi.

Ukikosa vyote hivyo, chukua dumu la lita 5 la dizeli safi, liweke juu kuliko injini, ulete mpira mweupe unaoonyesha ndani mpaka kwenye mdomo wa fidi pampu. Toa upepo, piga stata. Injini ikishika na kutulia, pampu yako ni nzima, ubaya uko kati ya tanki na hapo. Mpira huo huo utakuonyesha mapovu kama bado yapo.

Na kama ni moshi mweupe? Pima betri. Mfumo ni wa volti 24: zikiwa zimejaa na zimetulia zisome 25 na kidogo, na wakati wa stata zisishuke chini ya 19 hivi. Kusikia stata inazunguka hakutoshi, maana dizeli inawashwa na joto la mgandamizo, na injini ikizunguka kivivu joto hilo halifiki, hasa alfajiri za Juni na Julai. Sugua waya wa asi kati ya chesi na injini. Angalia pia kipepeo cha breki ya eksozi, kile kibati kinachoziba bomba la moshi, kikiganda kimefunga injini haitoi pumzi. Vyote vikiwa sawa, ndipo upimwe mgandamizo: injini nzima ya aina hii hutoa takriban baa 25, na ikiwa chini ya 20 ringi au vali zimechoka.

SWALI: Isuzu yangu ya zamani asubuhi inawaka mara moja. Nikisimama Manyoni kula, injini ikiwa ya moto, haiwaki mpaka ipoe.
*Msomaji, Itigi*

JIBU: Hapa pampu tunaituhumu bila kusita. Dizeli ya moto ni nyepesi, inapenya pembeni mwa plenja (vile vijipistoni vya ndani ya pampu vinavyosukuma dizeli) zilizolika, na kwa mwendo wa stata haifikishi msukumo wa kufungua nozeli. Hakikisha kwanza kwamba stata yenyewe haizunguki taratibu ikiwa ya moto. Kisha funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji dakika kumi, bila kuimwagia maji moja kwa moja, chuma cha moto kinaweza kukwama. Ikiwaka baada ya hapo, umepata jibu. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huzila plenja hizo, kwa kuwa mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Peleka pampu pamoja na nozeli kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, na umwombe vipimo vya kila silinda kabla na baada ya kazi. Plenja zibadilishwe zote kwa pamoja.

SWALI: Je, nikipulizia petroli kwenye filta ya hewa, au nikivutwa na lori lingine?
*Msomaji, Bahi*

JIBU: Petroli hapana. Inalipuka kabla ya wakati wake, inapasua pistoni na kuvunja ringi, na kwenye injini yenye plagi za kupasha moto inaweza kukurudia usoni. Kuvutwa kunawezekana, ila injini ikiwa imezimwa usukani ni mzito, na lori lenye breki za upepo lisilo na upepo halina breki ya mguu. Jaza kwanza upepo kutoka lori linalovuta, tumia chuma cha kuvutia wala si kamba. Kama maji ya kupozea yamepungua bila kuonekana yanakovujia, usivutwe kabisa: maji ndani ya silinda hayagandamiziki, yanapinda fimbo ya pistoni.