Muulize Mwalimu: Majina kwenye mawe ya Sanchi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeona picha za stupa kuu (kuba la ibada la Wabudha linalohifadhi masalia matakatifu) ya Sanchi, India, nikaambiwa uzio wake wa mawe umejaa majina ya waliochangia ujenzi. Hao walikuwa wafalme? Na Mbudha anayefundishwa kuachana na "mimi" anaandika jina lake la nini?

JIBU: Marahaba. Wafalme ni wachache mno, na hapo ndipo mawe yale yaliponiteka. Maandishi ya wachangiaji pale Sanchi yanazidi 600, mengi ya mstari mmoja tu, kwa hati ya Brahmi na lugha ya Prakriti: fulani, wa mji fulani, kisha neno danam, yaani sadaka. Huyu katoa nguzo, yule katoa jiwe linalolazwa kati ya nguzo mbili, basi. Wengi wametoka Ujjain, karibu kilomita 200 kutoka hapo.

Nilipofika niliomba nionyeshwe lango la kusini kabla ya kitu kingine chochote. Pana mstari unaosema kuwa uchongaji ule ni kazi ya wachonga pembe za ndovu wa Vidisha, mji jirani. Sogea karibu utawaamini, maana vitu vimechongwa vidogovidogo kwa subira ambayo fundi mawe wa kawaida asingejisumbua nayo. Lango hilohilo lina boriti iliyotolewa na Ananda, msimamizi wa mafundi wa mfalme Satakarni. Mtoaji ni msimamizi. Mfalme katajwa ili tujue Ananda alikuwa wa nani!

Na watawa wamo, wanaume kwa wanawake, tena si wawili watatu. Sisi tuliozoea kudhani mtawa hana hata senti, hapo tunajikuna kichwa.

Sasa hilo la "mimi". Thawabu ya sadaka huweza kuelekezwa kwa mtu mwingine. Huko Bharhut, kwenye stupa nyingine ya kale ya India, mchangiaji aitwaye Sagharakhita alitoa jiwe kwa ajili ya mama na baba yake, na mama ndiye kaandikwa kwanza. Jina likikaa kwenye jiwe, linakaa jirani na masalia matakatifu hata mwenyewe akiwa mbali. Kwa hiyo mimi sioni majivuno makubwa hapo, ingawa simtetei kila mmoja; binadamu ni binadamu.

Wala tusiwalaumu, kwa sababu wametufaa. Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kusoma Brahmi. Mwaka 1837 James Prinsep, Mwingereza aliyechunguza maandishi ya kale ya India, akikagua nakala za maandishi hayo mafupi ya Sanchi, aliona karibu yote yanaishia kwa herufi zilezile. Akawaza: mistari mifupi namna hii, mingi namna hii, kwenye jengo la ibada, itakuwa nini kama si sadaka? Akapata danam. Kwa herufi hizo akaendelea hadi amri za Ashoka, mfalme wa kale wa India, zilizochongwa kwenye miamba na nguzo, zikasomeka.