Barua kwa mwanangu: kwenu ni Newala

Mwanangu, voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Umeniuliza, "Mama, nikiwaambia kwetu Dar nitakuwa nimekosea?" maana hapo ofisini wanakuita Mmakonde kama vile tusi, ukiongea kwenye kikao kuna mmoja anaigiza lafudhi yako wenzie wanacheka, afu wazo lako lile lile akilisema mwingine ndo linapigiwa makofi.

Nimeamua kuandika, kwa simu ningelia.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. Bibi yako si unamkumbuka, nembo uso mzima, zile chale za Kimakonde, na tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni, kwenye mdomo wa juu. Mwaka 1996 tulienda nae Dar kwa mjomba wako, daraja la Mkapa bado kabisa, limekuja kufunguliwa 2003, kwa hiyo mabasi yalikuwa yanasubiri pantoni pale Ndundu kuvuka Rufiji na siku hiyo tulikaa toka asubuhi mpaka jioni na jua lile. Vijana wakaanza kumnyooshea kidole wanacheka, mmoja akasogea kabisa kumchungulia usoni. Na mimi mwanangu nikanyanyuka, nikaenda kukaa kwenye gogo kule mbali nikajifanya sijaja nae. Binti mzima wa miaka 22.

Bibi yako hata hakunitazama. Alimwita yule kijana, akamshika mkono akampitisha vidole shavuni mstari kwa mstari, akamwambia hapa walinichanja na kisu, hapa wakapaka masizi, kidonda kilipopona wakachanja tena, nililia ila sikukimbia. Yule kijana akakaa chini. Wakapiga stori mpaka pantoni likaja, na ndo alombebea mzigo wake, mimi niko nyuma natembea peke yangu.

Yeye hakuwa na namna ya kusema kwetu Dar, uso ulishasema. Wewe unaweza kuficha, ndo maana nina wasiwasi na wewe, kwa sababu mimi nilijificha siku moja tu na lile gogo naliona mpaka leo.

Na usiniambie wanatania. Utani tumezaliwa nao, mtani anakutukana leo unamrudishia, kesho msibani kwako ndo anashika jembe kuchimba kaburi. Hao wanacheka wao tu. Huyo anaekuigiza mwambie mbele ya hao hao, kwa lafudhi yako hiyo hiyo, kwamba hupendi. Mawazo yako yaandike umtumie bosi kabla ya kikao, asipojibu mtumie tena, wala sio kiburi. Wakikushinda kabisa ukaacha kazi sitakulaumu, nyumbani chakula kipo. Ila lafudhi usiiguse. Nchi nzima inaita watu machinga wala hawajui kuwa ni jina la watu wa Lindi, na hilo daraja wanalovukia ni jina la mtu wa Lupaso, Masasi.

Ijumaa natuma mzigo kwa basi, kaupokee Mbagala Rangi Tatu. Korosho kilo mbili nimebangua mwenyewe, mafuta ya ganda yameniunguza kidole kidogo ila zimetoka nzima nzima. Nusu kula, nusu peleka ofisini. Wakikuuliza zimetoka wapi, wajibu.

Mama yako
Newala