Unga mweupe kwenye kanda ya Betamax

Mkuu, umeuliza kama hiyo filamu ya watu wazima ya Kimarekani uliyoiokota kwenye Betamax, kaseti ya video ya zamani, unaweza kuiweka kwenye deki ilhali ina unga mweupe. Usithubutu! Mulika tochi kwenye kidirisha cha kaseti: ukiona madoa meupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Ukungu huo ukifika kwenye hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma utepe, kanda utakazoweka baadaye nazo zitaupata. Deki ya VHS usiihangaikie. Betamax ya Sony ilitoka 1975, VHS ya JVC 1976, na kaseti za aina hizi mbili haziingiliani. Mpe fundi hiyo kanda aisafishe, kisha ainakili hapohapo. Na boksi, hata likiwa limechanika, usilitupe. Sisi wakusanyaji tunaligombania kuliko filamu yenyewe.