Milioni 35 na njia ya Liwale: maswali yenu ya magari

SWALI: Fundi habari za kazi. Naishi Goba ila nina shamba la korosho na ufuta Liwale, kila nikitaka kwenda naazima gari ya shemeji mpaka siku hizi ameanza kutopokea simu. Nimejichanga nina milioni 35. Wenzangu kazini wananivutia kwenye Prado, mmoja anasema Discovery 3 ndo gari, na mke wangu anataka Harrier kwa ajili ya shule na kanisani. Nichukue ipi?
Msomaji, Goba

JIBU: Salama kaka, na shemeji yako msamehe tu, ile barabara inakula bushi (ile mipira ya kwenye miguu ya gari).

Tuanze na mkeo na Harrier yake. Harrier ni gari nzuri sana, mpaka Nangurukuru. Pale ukishaacha lami ukakata kulia kuelekea Liwale ndo utaniambia, kwa sababu Harrier nyingi za hapa mjini zinavuta tairi za mbele tu, na hata ile ya foo wili, inayovuta tairi zote nne, haina gia ya chini ya nguvu (ile 4L) na tumbo lake liko karibu na ardhi. Kiangazi utapita na vumbi lako. Masika, kati ya Machi na Mei, utalala njiani.

Discovery 3 sikatai, ukikaa ndani hutaki kushuka. Lakini ile gari inasimama kwa upepo, yaani badala ya springi za kawaida kuna mifuko ya hewa na kompresa na vitu kibao vya umeme, sasa siku ikigoma kunyanyuka uko porini utamtoa wapi fundi mwenye mashine ya kuisoma? Na wewe kwenye milioni 35 hujabakiza hata ya kumlipa huyo fundi.

Prado sasa. Shida ya watu wengi wanasema "Prado" kama vile zote ni moja. Kwa hela yako utakutana zaidi na ile ya 1996 mpaka 2002, wengi tunaiita 95, na ukibahatika utaletewa 120 iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2002 ila hiyo kwa bei hiyo uiangalie mara mbili. Zote zina chesisi ya chuma, zina 4L, hapo sina ugomvi. Ugomvi uko kwenye injini. Injini ya 1KZ ya dizeli ni jembe ila ikichemsha tu mara moja vibaya silinda hedi, kile kichwa cha injini, inapasuka. 1KD, dizeli iliyokuja 2000, ina nguvu na haili sana, lakini washa za chini ya nozeli, zile pete ndogo za kuziba, zikianza kuvujisha, moshi unashuka kwenye oili, oili inageuka lami, lami inaziba chujio la pampu kule chini kwenye sampu, bakuli la oili, na injini inakufa kwa kiu huku kijiti cha kupimia kinakuonyesha oili ipo. Ya petroli 2.7 inakunywa, nisikudanganye, ila ni ngumu kufa na fundi yeyote wa Ifakara au Liwale anaijua.

Kwa hiyo mimi ningetafuta Prado ya petroli 2.7 iliyo nzima. Nisipoipata nachukua Suzuki Escudo ya kuanzia 2005 yenye injini ya 2.0, ambayo watu wanaidharau bure, ina foo wili muda wote, ina loki ya katikati (inafunga tairi za mbele na za nyuma zizunguke pamoja) na 4L, na spea haziumizi. Escudo nzima inafika Liwale, Prado kimeo inaishia njiani Kibiti.

Na uzima wa gari hauko kwenye picha za dalali. Dalali atakuandikia "ingia uwashe uondoke, haina hata mia ya kuweka". Wewe mwambie unakuja asubuhi na gari isiwashwe kabla hujafika, ukifika kitu cha kwanza weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto ujue imeshapashwa ili usisikie inavyogonga ikiwa ya baridi, omba samahani rudi kesho. Ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa rejeta, angalia kama maji yana mafuta mafuta, fungua na wa oili uangalie kama kuna povu la rangi ya chai ya maziwa, alafu iwashwe ukiwa umesimama nyuma kwenye ekzosi na sio kwenye usukani. Mwache mwenye gari awashe. Moshi mweupe unaokataa kuisha wakati injini imeshapata moto, ondoka.

Alafu lala chini. Ndiyo, lala, nenda na boksi na tochi. Gari zetu nyingi zimetoka Japan na kule sehemu za baridi kama Hokkaido wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, ikifika huku inakutana na chumvi ya bahari yetu. Gonga chesisi kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele mpaka nyuma, hasa inapopinda juu ya ekseli ya nyuma: sauti ikiwa kali ni chuma, sauti ikiwa ya kufa kama debe la taka ni kutu iliyopakwa rangi. Ukikuta chini kote kumepigwa rangi nyeusi mbichi uliza inaficha nini. Na namba iliyogongwa kwenye chesisi, kwa Prado iko upande wa tairi la mbele kulia, isome mwenyewe uifananishe na ya kwenye kadi.

Mwisho tafuta sehemu ya vumbi, ingiza 4L, nenda mbele na rudi nyuma ukiwa umekata usukani wote. Ukisikia kaa kaa kaa kwenye tairi za mbele hizo ni jointi za ekseli zimelika. Usifanye hili kwenye lami kavu, utaumiza difu ya mtu (ile gia inayogawa nguvu kwenye tairi). Kabla hujalipa ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki uone faini, maana deni linaifuata gari.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nipo Kigamboni, nimeoneshwa Hilux Surf ya dizeli ya mwaka 1999, kilometa zinasoma 78,000. Mwenye yadi anasema ilikuwa ya babu mmoja Japan alikuwa anaendea sokoni tu. Inawezekana?
Dada wa Kigamboni

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo babu ana magari mengi sana hapa Dar! Inawezekana, ila usiulize dashibodi, uliza gari. Mpira wa pedali ya breki umelika upande mmoja? Kiti cha dereva kimechanika pale unapopandia? Usukani unang'aa kama umepakwa mafuta? Alafu fungua boneti utafute stika ya Kijapani ya mkanda wa taimingi, mafundi wa kule huwa wanabandika wakibadilisha, na kwenye 1KZ, ambayo ndo injini ya Surf hiyo, hubadilishwa kwenye kilometa laki moja. Stika ikisoma 102,000 na dashibodi 78,000, hapo jibu unalo. Na ukiamua kuagiza mwenyewe ingia kwanza kikokotoo cha TRA, kwa sababu gari ikishapita miaka kumi inaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 30, kuna watu wamenunua kwa bei ya kutupa wakakuta kodi imeizidi bei ya gari.

SWALI: Kuna mnada wa gari za mradi, Land Cruiser zenye namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili. Niingie?
Msomaji, Ukonga

JIBU: Ingia, hizo za injini ya 1HZ ndo zenyewe, dizeli ya lita 4.2 bila tabo. Ila soma tangazo vizuri kodi analipa nani, hizi gari ziliingia kwa msamaha, na mara nyingi kodi inamwangukia mnunuzi baada ya nyundo kugonga. Na uulize mradi ulikuwa mkoa gani, ujue imepita barabara za aina gani.

SWALI: Nikifunga mkonga, lile bomba la kuvutia hewa juu, kwenye Escudo yangu naweza kupita bonde la Jangwani hapa Dar mvua ikinyesha?
Kijana wa Magomeni

JIBU: Hapana. Mkonga unailinda injini isivute maji, basi. Difu yako ina kitundu cha kupumulia, ikiwa ya moto ukaizamisha kwenye maji inavuta maji ndani, na wiki mbili baadaye unashangaa inalia, kwa hiyo mipira ya kupumulia inyanyuliwe kwanza juu. Hata hivyo maji ya Jangwani yanabeba gari nzima, mkonga utabaki unaonyesha ulipo tu. Na siku injini ikizimika ndani ya maji popote pale, usipige stata hata wakikushangilia, maji yakiwa ndani ya silinda konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, zinapinda. Isukumeni itoke, chomoa plagi zote, ndo uzungushe.